Bizinesi au ekonomi kwa mgonjwa wa magoti, Zanzibar hadi Chennai: tofauti ya bei inastahili?

Mwana_Mchangani

Assalaam alaykum wanabaraza. Nawauliza wanaozijua safari za ndege kwa undani.

Bi mkubwa ana miaka 70, uzito kilo 86, magoti yote mawili yamesagika na la kulia ndilo baya zaidi. Amepangiwa kubadilishiwa goti hilo la kulia Chennai. Kwa mkongojo anakwenda hatua thelathini hivi kisha anapumzika. Ngazi hapandi. Atafuatana na dada.

Bei tulizopewa ni za kwenda na kurudi kupitia Doha: ekonomi dola 780 kwa mtu, bizinesi dola 2,350 kwa mtu. Familia imegawanyika. Wapo wanaosema mgonjwa asiteswe, akatiwe bizinesi hata ikibidi kuuza kiwanja. Wapo wanaosema fedha ya matibabu isiishie angani kwa safari ya saa kumi na kidogo.

Nataka kujua kama bizinesi kweli ni kitanda au ni siti pana tu. Je, bi mkubwa anaweza kukaa bizinesi na dada akabaki ekonomi, ili tulipie mmoja? Na kile kiti cha magurudumu, kinatolewa kwa wa bizinesi peke yao? Hili la mwisho tumeambiwa na mtu tunayemuamini.

---

Wakala_Darajani

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mungu ampe bi mkubwa shifaa.

La mwisho ndilo jepesi: kiti cha magurudumu ni bure na ni haki ya abiria wa daraja lolote. Aliyekwambia vyengine kakosea, na kosa hilo huwafanya watu walipe maelfu ya dola kwa kitu ambacho hakiuzwi.

Sasa bizinesi. Usilinganishe majina ya madaraja, linganisha siti. Neno bizinesi kwenye tiketi halikwambii mgonjwa atalalia nini. Mwambie wakala wako akuandikie safari kipande kwa kipande, na pembeni ya kila kipande aina ya ndege. Utaona alama fupi, kila moja ina tarakimu au herufi tatu kwa jumla. 738 ni Boeing 737-800, 7M8 ni Boeing 737 MAX 8, 320 ni Airbus A320: hizo ni ndege za korido moja. 788 na 789 ni Boeing 787, 359 ni Airbus A350-900, 333 ni Airbus A330-300, 77W ni Boeing 777-300ER: hizo ni pana, korido mbili.

Kwenye korido moja, bizinesi aghlabu ni siti mbilimbili kila upande, pana kama ya sebuleni, inayolala nyuma kiasi na kuinua kipumzisho cha miguu. Kutoka mgongo wa siti moja hadi mgongo wa siti ya mbele ni kama inchi 38 hadi 40, na ekonomi ni inchi 31 au 32. Kwa hivyo unaongezewa kama sentimita 15 hadi 23 za mguu, na upana wa inchi tatu hivi. Ni raha, lakini si kitanda. Kitanda cha kunyooka kikamilifu, cha karibu mita mbili, utakikuta zaidi kwenye ndege pana. Yapo mashirika yaliyoweka vitanda hata kwenye 737 MAX, kwa hivyo baada ya kujua aina ya ndege fungua ramani ya siti ya safari ile ile na uhesabu: ukiona mbili-mbili tu katika mistari mitatu au minne ya mbele ya ndege ya korido moja, hiyo ni siti ya kuegemea.

Na hapa ndipo watu wanapoumia: shirika lina ruhusa ya kubadilisha ndege. Umelipia ukidhani ni kitanda, siku mbili kabla ya safari inaletwa ndege ndogo, nawe hurejeshewi kitu kwa sababu bado umo bizinesi. Daraja limebaki, kitanda kimeondoka. Tizama tena ramani saa 72 kabla ya kuruka. Ikiwa imebadilika, piga simu siku hiyo hiyo uombe safari ya siku nyengine, usingoje kaunta.

Hesabu yenu sasa. Wengi wanahesabu mgonjwa peke yake: 2,350 kutoa 780 ni 1,570. Lakini dada anakwenda kama mtunzaji. Pazia la bizinesi halivukwi ovyo na abiria wa ekonomi, na mgonjwa anayehitaji msaada wa kula, kunyanyuka au kwenda msalani, shirika linaweza kutaka mtunzaji wake akae ubavuni mwake. Wahudumu wa ndege hawambebi abiria wala hawamsaidii ndani ya choo. Kwa hivyo ama wote wawili bizinesi, ama wote wawili ekonomi. Tofauti yenu ya kweli ni dola 3,140, si 1,570.

Ushauri wangu, na huu nausimamia: msilipe bizinesi kwenda na kurudi. Safari ya kwenda na safari ya kurudi si mgonjwa mmoja. Kwenda, goti linauma lakini linakunjika. Kurudi, goti lina kidonda na halitaki kukunjwa kwa saa nyingi. Ikiwa mna fedha ya bizinesi, iwekeni kwenye kurudi. Mashirika mengi yanakubali tiketi moja yenye ekonomi kwenda na bizinesi kurudi, na bei huwa karibu na nusu ya hii na nusu ya ile, ingawa haigawiki sawasawa kila mara. Kwa bei zenu, watu wawili itafika kama dola 3,130, badala ya 4,700. Mwambie wakala aijaribu kama tiketi moja. Tiketi mbili za upande mmoja aghlabu ni ghali zaidi.

Na kabla ya hayo yote, uliza tiketi ikibadilishwa tarehe inatozwa nini. Mgonjwa wa operesheni hajui siku atakayoruhusiwa. Tiketi ya bizinesi ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa ngumu kubadilishwa kuliko ekonomi ya bei ya juu. Kwa safari ya matibabu, mimi ningelipia uhuru wa kubadilisha tarehe kabla sijalipia sentimita ishirini za mguu.

---

Rampu_Kisauni

Nyongeza juu ya kiti cha magurudumu, maana hapa ndipo bi mkubwa atakapookoka au kuadhirika.

Zipo alama tatu na kila moja ina maana yake. WCHR: anapanda ngazi mwenyewe, hawezi tu mwendo mrefu. WCHS: ngazi hawezi, lakini ndani ya ndege anakwenda hadi kwenye siti yake. WCHC: hawezi kutembea kabisa, abebwe hadi kwenye siti yake. Ulivyomueleza bi mkubwa, yeye ni WCHS.

Kosa la kila siku ni wakala kuandika WCHR kwa kila mzee, kwa sababu ndiyo ya mwanzo kwenye orodha na haiulizwi maswali. Abiria anasukumwa vizuri kutoka mlangoni hadi chini ya ndege, kisha anaonyeshwa ngazi. Wafanyakazi hawana gari la kunyanyulia kwa sababu halikuombwa, na ndege ina dakika zake. Hapo ndipo mzee hupandishwa kwa kushikwa makwapani, goti linapinda, na safari imeharibika kabla haijaanza. Aliyekata bizinesi atakutwa na ngazi zile zile.

Ombeni angalau saa 48 kabla. Kisha mwambieni wakala awatumie karatasi ya safari na msome wenyewe: WCHS iandikwe kwenye kila kipande, yaani Zanzibar–Doha, Doha–Chennai, na kurudi vivyo hivyo. Mara nyingi inaandikwa kipande cha mwanzo tu. Mkifika Doha jina halimo kwenye orodha ya wanaosubiriwa, nao uwanja ule ni mkubwa, hatua thelathini hazimtoi hata mlangoni mwa ndege.

Mkongojo anaingia nao, hauhesabiwi kuwa mzigo wa mkononi. Wakati wa kuruka na kutua utawekwa juu, kwenye sanduku la mizigo.

Kitu kimoja zaidi. Siti za mlango wa dharura zina nafasi kubwa ya miguu na mtu atawashauri mzilipie. Hapewi mwenye kiti cha magurudumu, ni sheria ya usalama. Mtazilipia kwenye mtandao na kuhamishwa mlangoni.

---

Nesi_Chake

Mimi nazungumzia damu na goti.

Kuna jina lililozoeleka la kuganda damu mguuni kwamba ni ugonjwa wa ekonomi. Jina hilo limewapotosha wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo kama mara mbili, na kwa mtu mzima mwenye afya inafika kama mmoja kwa kila 6,000. Sababu ni kukaa bila kutikisika, iwe ndegeni, kwenye basi, gari au treni. Mtu aliyelala saa sita kwenye kitanda cha bizinesi bila kunyanyuka hakujikinga kwa sababu tu amelipa zaidi.

Kwa hivyo kinga inafanywa kwa mguu. Kila saa, vidole vya mguu viinuliwe juu kuelekea kifundoni kisha vishushwe, mara ishirini kila mguu. Kisigino kikae chini wakati vidole vinainuka, kisha vidole vikae chini wakati kisigino kinainuka. Goti bovu halihusiki, ni misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu. Maji anywe kidogo kidogo. Watu wazima wengi huacha kunywa ili wasiende chooni, na hilo ni kosa. Dawa za usingizi asipewe, humfanya alale bila kugeuka. Aspirini msimuanzishe wenyewe kwa ajili ya safari.

Soksi za kubana zinafaa kwa mgonjwa kama huyu: zinazoishia chini ya goti, za mbano wa milimita 15 hadi 30 za zebaki. Zipimwe kwa mzunguko wa shavu la mguu na kifundo, si kwa namba ya kiatu. Ikiwa ana sukari ya muda mrefu au miguu yake huwa baridi na mapigo hayasikiki vizuri, asivae mpaka daktari ampime mishipa, maana mbano unaweza kumkatia damu. Na soksi isikunjwe ukingo wa juu. Ile mikunjo inageuka kamba.

Kuhusu kurudi, naungana na Wakala kwa sauti kubwa. Baada ya kubadilishwa goti hatari ya damu kuganda inabaki juu kwa wiki kadhaa, bila kujali daraja. Tarehe ya kuruka itolewe na daktari mpasuaji kwa maandishi, na tiketi ifuate tarehe hiyo. Shirika likisikia operesheni ya karibuni litataka fomu ya afya iitwayo MEDIF, sehemu yake hujazwa na daktari. Ichukueni kwa shirika mapema na ijazwe karibu na siku ya safari, kwa sababu ikikaa sana inakataliwa. Akiwa kwenye sindano za kuzuia damu kuganda, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, si kwenye begi la chini. Kengele ya lango la ukaguzi huenda ikalia kwa chuma cha goti. Amwambie askari kabla hajapita, atakaguliwa kwa mkono.

Wenye kitanda na wenye siti wote wako chini ya hewa moja. Ndege huwekewa mgandamizo wa hewa kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Kwa hivyo kukauka koo na kuvimba miguu hakukwepeki kwa bei. Na kitanda kinainuliwa kuwa siti wakati wa kuruka na kutua. Asiyeweza kukaa wima hata dakika ishirini, bizinesi haimfai. Huyo ni wa machela, na machela hufungwa juu ya siti kadhaa za ekonomi zilizokunjwa.

---

Binti_Tumbe

Nakubali mengi ila naona bizinesi inaonewa hapa. Mmehesabu saa za angani tu. Hesabuni na saa za kungoja.

Safari kupitia Doha ina saa sita hivi hadi kituoni, kisha saa nne na nusu hadi Chennai. Katikati kuna kungoja. Kungoja kukiwa saa mbili, sawa, ekonomi inatosha. Kukiwa saa tisa za usiku, mzee wa goti atakaa wapi? Siti za chuma zenye mikono, huwezi kunyoosha mguu. Wa bizinesi ana ukumbi wenye makochi, choo cha karibu, pahala pa kuswali na chakula asichokifuata mbali. Kwa mgonjwa, hilo lina uzito kuliko kitanda cha ndani ya ndege. Ndiyo maana mimi ningetizama saa za kituoni kabla ya kutizama daraja: ekonomi ya kungoja saa mbili na nusu ni bora kuliko bizinesi ya kungoja saa tisa, na ekonomi ya kungoja saa tisa ndiyo mbaya kuliko zote.

Msichague pia kungoja kufupi mno. Mwenye kiti cha magurudumu hutolewa ndegeni wa mwisho. Katika saa moja ya kuunganisha, dakika 30 zinakwisha akiwa bado kwenye siti yake. Saa mbili na nusu hadi tatu ndizo za usalama.

Ikibidi kungoja kurefu, ukumbi unaweza kulipiwa peke yake kwa makumi ya dola kwa mtu, na viwanja vikubwa vina hoteli ndani ya upande wa abiria wanaounganisha, chumba kinakodiwa kwa saa. Linganisheni gharama hiyo na ile 3,140.

Na kwa wenzangu wa Pemba watakaosoma: bizinesi ya kimataifa haifiki Wawi, kwenye uwanja wetu wa ndege. Ndege zetu ndogo za injini moja zinakubali kilo 15 kwa mtu, begi laini. Tiketi ya bizinesi inakuruhusu mabegi mazito ya hadi kilo 32 moja, na hiyo 32 ndiyo mwisho wa begi lolote kwa ndege za abiria. Unafika Unguja nayo yote, kisha kipande cha kwenda Chake kinakukwamisha. Mizigo mizito itangulizwe kwa boti.

---

Mwana_Mchangani

Mungu awalipe kheri. Sikujua kabisa kwamba dada angehesabiwa na yeye. Nimerudi kwa wakala, safari ya kwenda ina kungoja saa mbili na dakika 50, ya kurudi saa nane na nusu. Kipande cha Zanzibar ni ndege ya korido moja kwenda na kurudi, cha Chennai ni 788.

Suali: tumeona kwenye barua pepe ya shirika kwamba unaweza kununua ekonomi kisha ukatoa dau la kupandishwa bizinesi. Hiyo si rahisi zaidi? Na kuna mwengine kasema tununue siti ya tatu ya ekonomi iwe tupu. Inawezekana?

---

Wakala_Darajani

Majibu yako yamekwisha jipanga yenyewe. Kipande cha Zanzibar, ambacho ndicho kirefu, ni siti ya kuegemea tu. Kitanda utakipata Doha–Chennai peke yake, saa nne na nusu, na humo utaondoa kuruka, kutua na chakula. Kinabaki kitanda cha saa mbili na nusu au tatu. Kwa dola 3,140, hapana.

Dau. Ni bahati nasibu yenye masharti, kwa mgonjwa siipendi. Kwanza, dau hutajwa kwa kila abiria na huhesabiwa kwa wote waliomo kwenye bukingi moja, kwa kila kipande. Ukiandika dola 200 kwa kipande kimoja, ni 400 kwa wawili. Ukitaka kumtenga bi mkubwa peke yake itabidi bukingi igawiwe, na hapo mtunzaji na mgonjwa wanakuwa abiria wasiojuana kwenye kompyuta. Ndege ikibadilishwa mmoja anaweza kuhamishiwa safari nyengine. Pili, jibu huja karibu sana na safari, mara nyingi siku moja au mbili kabla, na likishakubaliwa fedha hairudi. Tatu, soma kama linakupa ukumbi na mizigo ya bizinesi. Mengine hukupa siti na chakula tu. Nne, siti uliyochagua ekonomi na kuilipia inapotea. Dau linamfaa mtu mzima mwenye afya anayesafiri peke yake.

Kupandishwa bure kwa sababu ya ugonjwa, msikutegemee. Shirika likiona mgonjwa ana hali mbaya linamrudisha kwa daktari, halimpi kitanda.

Siti ya tatu tupu: inawezekana na kwa kurudi ndiyo ningeitizama kwa makini. Kwenye kompyuta inaandikwa EXST, inakaa kwenye bukingi pamoja na jina la bi mkubwa. Bei yake ni nauli ya ekonomi, na kodi za uwanja za abiria kwa kawaida hazimo kwa kuwa hakuna mtu wa tatu. Uliza kama inaweza kununuliwa kwa kurudi peke yake. Kwa bei zenu hiyo itakaribia nusu ya 780. Safu ya siti tatu inakuwa yenu: dada korido, kati tupu, bi mkubwa dirishani, mikono ya siti ya kati imeinuliwa, mguu umewekwa juu ya siti tupu na mto chini ya shavu la mguu.

Hapo pana mtego. EXST haiuzwi vizuri kwenye tovuti, inataka wakala au ofisi ya shirika. Mkifika kaunta, hesabuni pasi za kupandia: watu wawili, pasi tatu kwa kila kipande. Ikitoka mbili, ile siti tupu itasomeka kuwa ni abiria ambaye hakutokea, nayo itapewa mtu mwengine mlangoni. Msiondoke kaunta mpaka muione ya tatu.

---

Nesi_Chake

Sawa kwa mguu juu ya siti, lakini dirishani ana hasara yake: asiyeweza kutoka hatembei, na utafiti unaonyesha wanaokaa dirishani ndio wanaozidi kuganda damu. Dada amnyanyue kila saa na nusu au mbili, hata ni kusimama tu akishika mgongo wa siti. Na mto uwe chini ya shavu la mguu na kifundo, usiwe chini ya goti. Goti jipya likizoea kukaa limekunjwa juu ya mto, kulinyoosha tena kunakuwa kazi.

Mguu upi uko upande gani lifikirieni kabla ya kuchagua safu. Akikaa dirishani na kugeuka kidogo ili mguu ulale juu ya siti ya kati, mguu wa kulia unataka siti ya kati iwe kuliani kwake. Hiyo ni safu ya A, B, C, upande wa kushoto wa ndege.

---

Rampu_Kisauni

Kwa safari ya kwenda, ambapo hakuna siti tupu: bi mkubwa korido, upande huo huo wa kushoto, siti C. Korido inakuwa kuliani kwake na goti la kulia ndilo linalopata nafasi ya kunyooka. Likinyooshwa, litoke kiasi cha unyayo tu, na dada atizame gari la chakula. Lina uzito na anayelisukuma kwa nyuma haoni chini. Safu iwe ya karibu na choo, si ya mwisho kabisa kwa sababu nyengine haziegemei.

Msilipie safu ya mbele yenye ukuta. Mguu haunyooki, unagota ukutani, na meza imo ndani ya mkono wa siti kwa hivyo mkono hauinuki. Mkoba wa dawa pia hauruhusiwi sakafuni hapo wakati wa kuruka na kutua.

Kisha dada ajifunze jambo hili, maana litamsaidia kila kipande. Mkono wa siti wa upande wa korido unaonekana kama umekazwa moja kwa moja, lakini kwenye siti nyingi unainuka. Pitisha kidole chini ya mkono huo, nyuma kabisa karibu na bawaba unapoungana na mgongo wa siti. Utakuta kitufe kidogo au kijishimo chenye kijikomeo. Kibonyeze, au kisukume, huku mkono mwengine unauinua. Ukishainuka, bi mkubwa anakaa ukingoni akiwa ameelekea korido, kisha anageuza mwili na miguu pamoja kuingia ndani, goti halipindwi. Kutoka ni vivyo hivyo kinyume chake. Wakati wa kuruka na kutua urudishwe chini. Usipokiona kitufe, mwite mhudumu, useme unataka mkono wa korido uinuliwe kwa abiria wa WCHS, wanakijua kilipo.

---

Mwana_Mchangani

Tumeamua. Ekonomi kwenda, ekonomi na EXST kurudi, ukumbi wa kulipia Doha kwa zile saa nane na nusu, na tiketi ya kubadilika tarehe. Nimemtaka wakala anitumie karatasi nisome WCHS kwenye vipande vyote vinne. Kaleta, imo kwenye viwili. Nimemrudishia.